Promota Mwenye Spana Mfukoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, na ukiwauliza wanamuziki wa zamani watakuambia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiombwa. Utanisamehe mwandiko, shule niliiacha mapema kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine, binti yangu angeweza kuniandikia lakini sitaki ajue, kwa hiyo soma polepole utaelewa.

Mimi nilikuwa mpiga tumba wa bendi ya salsa, na sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli, hakukuwa na tumba ya kushindana na yangu, waliojaribu walirudi kwao wakawa mafundi seremala. Mwimbaji wetu alikuwa mama mmoja tuliyemwita Chiriku, aliimba Kihispania ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua, yeye aliyashika maneno kwenye santuri kama yalivyo, na watu walilia vilevile. Sasa sikiliza utaratibu wetu, Chiriku haingii kwenye wimbo kwa kuhesabu kama wengine, anageuza shingo kidogo ananitazama mimi nyuma yake, nampa pigo moja la kiganja, ndipo anafungua mdomo, na hapo hata wahudumu walikuwa wanasimama na trei zao mkononi.

Nikaacha. Niliacha kwa akili zangu timamu, maana siku moja tulikuwa na onyesho la mchana na promota wetu hakutokea, mlangoni hakuna mtu, watu wanaingia bure kama upepo, nikawaambia wenzangu anzeni, mimi nakwenda kukata tiketi kidogo tu narudi, basi nikasimama pale mlangoni nikasikia bendi inapiga bila mimi, na ndani watu wanacheza, wanashangilia, hakuna aliyeuliza tumba iko wapi. Nikaona kumbe kipaji changu kikubwa ni biashara. Tangu siku hiyo sijarudi kwenye kiti kile, nimekuwa promota mkubwa, mabango yangu yako kila ukuta, kumbi zote zina namba yangu ya simu, wanamuziki wananiita Bosi.

Tatizo ni huyu Chiriku. Miaka mingi alikuwa amehama, sasa amerudi, amezeeka kama mimi lakini sauti ipo, niliisikia kwenye simu ikabidi nikae chini. Nikamwambia Jumamosi ijayo nakuandalia onyesho, nimekutafutia mpiga tumba mzuri wa siku hizi na jina lake nimeshalitia kwenye bango. Akauliza, "Na wewe utakuwa wapi?" Nikamwambia, "Mimi ni promota sasa, mama, nitakuwa mlangoni." Akasema, "Basi siimbi." Nikamwambia aache utoto. Akasema, "Siku ile uliyokwenda mlangoni nilichelewa kuingia kila wimbo. Nikigeuka, naona kiti. Sasa unataka nigeuke nimwone mtu mwingine?" Akakata simu. Huo ndio ukaidi wa wasanii, nimehangaika nao maisha yangu yote.

Binti yangu, ambaye tunafanya kazi ofisi moja, badala ya kunisaidia ananicheka. Anasema kila tukipima maiki kabla ya onyesho mimi ndiye ninayekaa kwenye tumba, na wapigaji wenyewe wanasubiri mpaka chai yao inapoa. "Baba, unapima maiki au unapiga shoo?" Eti tena promota gani anatembea na spana ya kukazia ngozi ya tumba kwenye mfuko wa koti. Mimi napima kwa makini, hiyo ndiyo tofauti yangu na mapromota wengine, na spana ni ya kulipa koti uzito lisipeperuke.

Viganja vyenyewe vimelainika kama vya karani. Kuna asubuhi nikiwa nasubiri maji yachemke najikuta nagonga meza, halafu nanyamaza kidogo, kama vile kuna mtu anatakiwa kuingia, na haingii mtu, basi naipua maji. Lakini hayo ni mambo ya uzee, siyo niliyokuandikia.

Ninachotaka ni uniambie maneno gani nitumie huyu mama akubali kuimba na mpiga tumba mwingine, maana nimeshatangaza. Na ujibu upesi.

Bosi wa Mabango

*

Shikamoo, Bosi. Pokea salamu hiyo kwanza, maana nikimaliza huenda usiitikie.

Umeniomba maneno ya kumlainisha Chiriku. Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Barua yako nimeisoma polepole kama ulivyoagiza, na kuanzia juu hadi chini inasema kitu kimoja ambacho mwenyewe umekataa kukiandika: unataka kupiga tumba. Asiyetaka hatembei na spana. Kama shida ni koti kupeperuka, lifunge vifungo.

Pole kwa siku ile ya mlangoni. Nakupa pole ya kweli, kwa sababu kusimama nje ukasikia mambo yanakwenda bila wewe si jambo dogo, na wengi wanaosoma ukurasa huu wamewahi kusimama kwenye mlango wa namna hiyo. Lakini mzee wangu, nani alikuambia wachezaji ndio wangeona pengo lako? Wao walikuja kucheza, wakacheza. Aliyekuhitaji alikuwa amekipa mgongo kiti chako kama kawaida yake, akageuka, akakiona kitupu. Hilo amelibeba mpaka uzeeni, amekueleza kwenye simu bila kukulaumu, nawe unamwambia aache utoto. Hapo umenikasirisha. Ukaidi umo kwenye habari hii, sikatai, ila mwenye nao siye huyo mama.

Sasa fanya hivi. Mpigie leo, usingoje kesho. Habari za bango usizitaje. Mwambie tu, "Nitakaa." Ni mwanamuziki, atajua unakaa wapi. Mpiga tumba uliyemtangaza usimfukuze, hana kosa lolote. Mweleze ukweli, awe kando yako, na nyimbo za mwendo mkali azichukue yeye, kwa sababu viganja vyako havitaziweza zote, na hilo ulikubali kabla hujapanda jukwaani, si baada ya kuaibika. Mazoezi anza kesho asubuhi, wakati uleule wa maji ya chai, ila safari hii piga ngozi, meza iache ipumzike. Viganja vitauma. Viache viume. Mlangoni msimamishe binti yako. Usihangaike kumficha barua hii, akifika kwenye spana atajua ni ya baba yake.

Na Jumamosi, Chiriku akigeuza shingo, usipige kwa nguvu ili ukumbi mzima ujue kwamba bado unaweza. Mwenyewe umesema lilikuwa pigo moja. Mpe hilo moja, kisha nyamaza, umsubiri. Ataingia.