Mwani wa Meksiko

Northfield, Birmingham
Jumanne, 17 Juni 2025

Kwa dada yangu mpenzi Mwanamize,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai bahasha hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto, na mama naye goti lake limetulia. Mimi kiwiliwili sijambo, namshukuru Mungu. Kichwa ndicho kimevurugika, na ndiyo maana nimeandika kwa kalamu badala ya kukutumia sauti kwenye simu. Simu yako ikilia nyumba nzima husogea kusikiliza, mpaka jirani anaitikia salamu zangu. Haya ya leo nataka uyasome peke yako kwanza. Mama akikuuliza nimeandika nini, mwambie nasalimia na huku kuna mvua. Kwa mvua hutakuwa umesema uongo.

Idi yetu ilikuwa njema. Baada ya sala nilikwenda Sutton Coldfield kwa kina Ahmada, na mama yake, Bi Asmahan, alitupikia biriani la kufa mtu. Kama kawaida yake akaniuliza mama yetu anafika lini, maana harusi yetu mimi na Ahmada ni mwezi wa tisa na anataka wazazi wajuane mapema. Nilimjibu vilevile ninavyokujibu wewe, kwamba karatasi bado zinashughulikiwa. Hilo la karatasi nitalirudia, usinikatize.

Kwanza nikwambie ya Meksiko, maana huko ndiko nilikovurugika. Unakumbuka chuo kilinipeleka wiki tatu mji unaoitwa Mérida, kupima maji ya visima. Wenyeji wa maabara walinipokea kama ndugu, hasa Ximena, msichana wa rika langu, mcheshi, asiyejua kunyamaza. Wiki ya pili aliamua kwamba ni aibu mtu wa kisiwani akae kwao bila kuona bahari. Jumamosi alfajiri tukajipakia kwenye gari la kaka yake Rubén, sisi watatu na shangazi yao Chayo, aliyewalea. Shangazi alipanda na masufuria matatu na kuku mzima wa kuokwa mapajani, nami nikacheka, kumbe si sisi tu tunaokwenda kutembea na jiko.

Baada ya saa nne na ushei tulifika. Bahari sikuiona, dada. Niliona mwani. Si wetu huu wa kupanda. Wa kwao ni wa kahawia, hujiotea wenyewe bahari kuu na kuletwa na mawimbi. Ulikuwa umerundikana ufukweni hadi magotini, na ule uliooza ulinuka kama mayai viza. Rubén aliutukana kwa Kihispania chote alichonacho. Watu walikuwa wamekaa mkahawani wameipa bahari mgongo, wanakula. Kwao ule ni takataka, na hoteli huajiri watu wa kuuzoa na kwenda kuutupa mbali.

Sasa kioja changu. Wenzangu walipokuwa wakipanga meza pale mkahawani, nilisema naenda kulowesha miguu tu. Sijui nini kilinipata. Nilijifunga kanga moja kiunoni, nyingine nikajitanda vizuri, nikaingia majini na kuanza kuchambua. Ulio mbichi nachukua, uliooza naacha, nausuuza, naukung'uta mchanga, naubeba kwapani na kwenda kuutandaza juu ya ukuta mfupi wa hoteli ukauke. Kisha narudi naugeuza! Hakuna aliyenituma, na mwani wenyewe hauna mnunuzi. Nilipoinua kichwa ukuta wote ulikuwa umejaa, na mama mmoja mtalii amesimama mbele yangu ananiuliza kwa Kiingereza sehemu ya kuogelea itakuwa safi saa ngapi. Alinidhani mfagiaji wa hoteli. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba itakuwa tayari saa nane. Cheka tu, una haki.

Ximena alinifuata akicheka mpaka machozi, akaniuliza nimejifunzia wapi kazi ile. Nikamjibu kwamba niliwahi kuwaona akina mama wa kijiji kimoja wakifanya hivyo, nilipokwenda likizo.

Likizo, dada! Mimi, uliyekuwa ukiniamsha kwa kunivuta dole gumba bamvua lilipofika na maji kutoka mbali, niliyejua kufunga mwani kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Pale ufukweni hapakuwa na hata mtu mmoja anayetujua. Ningesema kweli isingenigharimu kitu. Uongo ulitoka wenyewe kabla sijauita, na hapo ndipo nilipoogopa.

Tulipokaa kula, Ximena alitoa simu anionyeshe picha ya mahafali yake. Yeye amevaa joho, na ubavuni kwake yupo shangazi Chayo na aproni yenye madoa ya pilipili, maana siku hiyo alitoka moja kwa moja sokoni anakouza chakula. Mpaka mhudumu wa mkahawa aliitwa aione, akaelezwa kwamba aproni ile ndiyo iliyolipa ada. Shangazi alilalamika kwamba angalau wangemwambia aivue. Ximena akasema shangazi mwenyewe alitaka kuivua, ni yeye Ximena aliyemkataza. Kisha shangazi akanigeukia na kumtuma Ximena aniulize mama yangu anafanya kazi gani. Nikasema mama yangu anashughulika na biashara ya kusafirisha bidhaa nje ya nchi. Shangazi akanipongeza, akaniongezea kuku.

Jibu hilo nimelizoea, ndiyo maana lilitoka laini. Ndilo nililompa Bi Asmahan siku ya kwanza nilipopelekwa kwao, nikiwa nimekaa kwenye kochi jeupe naogopa hata kuegemea. Nilijiambia si uongo, kwani mwani unakwenda nje kweli na mama ndiye anayeuotesha. Lakini yeye alisikia makontena na ofisi yenye kiyoyozi, na mimi nikamwacha asikie hivyo miaka miwili. Amekwishawaambia mashoga zake wote kwamba mwanawe anaoa kwa watu wa biashara kama wao.

Tangu nirudi sijui mbele wala nyuma. Nikijiuliza kama namwonea haya mama, moyo unakataa, maana mama ni mboni ya jicho langu. Nikisema simwonei haya, mbona nimemkana mara mbili siku moja mbele ya watu walionikirimu? Saa nyingine najiambia nachelea wasimdharau, akarudi nyumbani na jeraha. Saa nyingine naona ninajipamba, anayeogopa kudharauliwa ni mimi. Na pengine namsingizia Bi Asmahan, ambaye hajawahi kunitendea baya hata moja. Mkataa kwao mtumwa, tulifundishwa, nami siku zote nilidhani wanasemwa watu wengine.

Dada, sasa soma ukiwa umekaa. Barua ya mwaliko ya mama, ile ya kuombea viza, haijachelewa popote. Hakuna ofisi iliyoishika. Sikuituma. Niliiandika mwezi wa pili, nikaitia sahihi, nikaiweka kwenye droo chini ya soksi, na kila uliponiuliza nilikudanganya. Mama ametengeneza pasipoti, amenunua sweta, anaulizia baridi ya Birmingham kwa kila mtu anayepita, na mimi nimeikalia karatasi yake miezi minne. Na wewe uliyeacha shule darasa la saba ili mikono shambani iwe minne na mimi nisome, nimekufanya tarishi wa uongo wangu kwa mama yako mwenyewe. Hili linaniuma kuliko yote. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi leo, nitangoja.

Nilirudi na mwani kidogo, kiasi cha kiganja, umekauka, nimeuweka dirishani. Jumapili Ahmada alikuja, akauliza harufu ile ni ya nini. Nikamweleza yote, tangu ukuta wa hoteli hadi droo ya soksi. Hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu, kama kuna lingine ambalo sijamwambia. Nikasema hakuna. Akaaga, akaenda kupanda treni ya kwao, na mpaka naandika hapa hajapiga simu. Sijui kilichomkera ni kazi ya mama au ni mimi. Nadhani ni mimi, na siwezi kumlaumu.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua ya mwaliko, nimeiandika upya kwa tarehe ya leo. Mpeleke mama akaombe viza wiki hii hii, usingoje lolote kutoka kwangu. Ikiwa harusi ipo, aje harusini. Ikiwa haipo, aje anione mimi. Sweta asiliache, huku hata mwezi wa tisa asubuhi zina ubaridi.

Nisalimie shemeji, watoto wabusu mmoja mmoja, na jirani mwambie nimemkumbuka na masikio yake.

Mwanzo nilikwambia usome peke yako. Nimefika hapa nimeona huo nao ni uongo mwingine nakutwisha. Mama hakujaliwa kusoma, na siku zote wewe ndiye macho yake. Mkalishe, umsomee yote, wala usiruke pale nilipomkana. Ukimaliza mwachie simu mkononi. Akitaka kunipigia, nipo. Asipotaka, barua ya mwaliko mpe hivyo hivyo, ni yake.

Ni mimi mdogo wako,
Thuwaiba, binti wa mkulima wa mwani