Adhana Niliyoifuta

Baba,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mkono umekataa kuanza bila kukuamkia.

Naandika kwa kalamu, kwenye daftari la Jiografia. Laptop yako iko kwa fundi. Nitakueleza, ila naogopa, ndiyo maana naanza na habari nyingine.

Mama yumo edani. Kwa kuwa ana mimba, eda itaisha siku atakapojifungua, na mkunga kasema ni wiki hii au ijayo. Ami amekuja kutoka Maramba, analala sebuleni. Shati lako la kijivu nimelichukua mimi, Mama hajui. Hilo ni dogo.

Kubwa ni hili. Mwalimu alitupa insha ya kuandika kwenye kompyuta, Mama akasema chukua ya baba yako. Niliandika kurasa tatu. Nilipotaka kuhifadhi, ikakataa. Ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba sina ruhusa ya kuhifadhi kwenye folda hiyo yako. Nikabadilisha jina la faili, ikakataa. Nikaizima nikaiwasha, insha ikapotea, nikaanza upya, ikakataa. Kiingereza nasoma kila siku, Baba, kila neno nililielewa, lakini niliona kama ninaulizwa: nani kakuruhusu kushika mali ya marehemu? Ungekuwepo ungenicheka.

Badala ya kumwuliza mtu mzima nikamwuliza Zuhura, ninayekaa naye dawati moja. "Imejaa hiyo, shoga. Futa mavideo."

Video sikukuta. Nikakuta humo kwenye folda faili za sauti zisizo na majina, namba tupu. Nikadhani ni vikao vyako vya shule. Sikuzisikiliza. Kusema kweli nilizikwepa, niliogopa kuisikia sauti yako chumbani na wewe haupo. Nikazifuta zote, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta. Laptop ikakataa vilevile.

Juzi baada ya Alasiri nilikuwa namkanda Mama miguu. Akatabasamu, mara ya kwanza tangu tukuzike. "Unajua baba yako kamwadhinia mtoto kabisa? Alijirekodi kwenye laptop siku ile alipokuwa anarudi kulazwa hospitali. Akaniambia, Mama Rehema, nikichelewa, akizaliwa muwekee hii sikioni."

Ami akadakia kutoka mlangoni kwamba ataadhini yeye, mashine si muadhini. Mama akamjibu, "Utaadhini, shemeji, nani kakukataza? Halafu na baba mwenyewe atasikika."

Mikono yangu ilisimama kwenye kifundo cha mguu wake. "Mbona umepoa?" Nikasema mafuta yamekwisha.

Jana nikaipeleka laptop kwa fundi, Chumbageni. Nilipita mbele ya kibanda chake mara tatu. "Binti, unakagua au unaleta kazi?" Wanaume wa kwenye benchi wakacheka, kidogo nirudi nyumbani. Nikasema ni laptop ya rafiki yangu. Akaiwasha, ikatokea picha yako na kanzu ya Idi. Akaitazama, akanitazama mimi, mzaha ukamwisha. Pua yetu ni moja.

Akasema diski haijajaa hata nusu. Ni wewe, Baba, uliyeweka ulinzi. Kwa kuogopa virusi vya flashi za walimu wenzako, uliifunga folda ile isiandikwe kitu kipya. Kufuta inakubali, kuhifadhi haikubali. Kwa hiyo nilifuta bure. Nililia palepale, mbele ya watu.

Alinisubiri. Kisha akaniambia kwamba kitu kikifutwa hakiondoki mara moja, kinabaki mahali pake mpaka kingine kije kukaa juu yake. "Huko kukataa kwake ndiyo bahati yako. Ungejaza mainsha yako humo, ungemfukia mzee kabisa." Huenda sauti bado ipo. Huenda. Nilimwuliza mara ya pili, akasema, "Binti, mimi si mganga."

Lakini hataigusa. Kitu cha marehemu hakichokonoi, alisema, mpaka mama mwenye nyumba ajue kimefutwa nini na nani kakifuta. Mama yuko edani, basi ampigie simu tu. Ila iwe leo, kabla ya Magharibi, maana kesho fundi anakwenda Mwera kwenye harusi ya mdogo wake, atakaa wiki nzima. Mtoto hatamsubiri.

Naogopa, Baba. Si kupigwa, Mama hajawahi kunipiga. Naliogopea lile tabasamu. Naogopa uchungu usije ukamshika kabla ya wakati kwa ajili yangu. Naogopa fundi atafute asikute kitu. Na kuna hili ambalo sijamwambia yeyote: asubuhi nilijaribu kuikumbuka sauti yako, nikafumba macho, ikaja ya Ami.

Mama anaita, anauliza nani yuko uani.

Nakuahidi nitaanza na "Mama, nimefuta." Sitaanza na fundi, wala na bahati. Na sauti ikirudi au isirudi, mtoto akikua nitamwambia kwamba ulimwadhinia, na nani aliifuta.

Mungu akunurishie kaburi lako, Baba. Kwaheri. Namba ya fundi nimeiandika kiganjani na mkono unatoka jasho, naenda kabla halijaifuta.

Mwanao,
Rehema