Homa Ambayo Haikuja

Mpendwa Baba,

Juzi nilikwenda Kitale nikapitia mtaa wetu wa Tuwan. Nyumba yetu ya zamani ina mlango wa bluu na watu nisiowajua. Nilisimama pale uwanjani tulipotoa vitanda nje, aibu ikanishika upya.

Nilikuwa kidato cha pili, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ofisini kwenu, idara ya afya, mlikuwa mmeletewa kompyuta, nawe ukawa unaingiza humo mvua ya kila mwezi, joto la usiku, na idadi ya wagonjwa wa malaria waliofika zahanati. Ulinieleza ukimenya ndizi: mvua ikizidi na usiku ukiwa na joto, baada ya wiki kadhaa wodi zinajaa. Miaka ya nyuma ilionyesha hivyo, kwa hiyo mbona tungoje zijae? "Hesabu hainiambii ni nani ataugua, Mama," ulisema. "Inaniambia tu ni wengi." Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako wa Kabuchai, Nanjala.

Wakubwa wako walikusikiliza, nyumba zikapigwa dawa ya mbu kutani, vyombo vikitolewa nje kwanza. Ulitaka yetu iwe ya kwanza ili watu waone mfano. Sufuria, viti, godoro langu lililochanika na madoa yake yote, vikaanikwa juani mtaa mzima ukitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha homa haikuja. Badala ya kushukuru, watu walicheka. Jirani yetu Mama Wambui alikusimamisha pale bombani: "Baba Nanjala, si ulisema tutaugua wote? Sasa hiyo malaria iko wapi, bana? Ati tulitoa vitanda nje bure."

Ulimjibu kwamba labda haikuja kwa sababu ya dawa. Halafu, kwa vile hukujua kudanganya, ukaongeza kwamba huwezi kuapa. Hilo ndilo lililowachekesha zaidi. Shuleni nikaitwa mtoto wa mbu. Wasichana walipoigiza unavyosukuma miwani puani nilicheka nao, tena kwa sauti.

Mwaka uliofuata uliingia jikoni nikiosha vyombo. Ulisema hesabu imerudi ilivyokuwa, tena mbaya zaidi, na kesho yake kulikuwa na mkutano na wakubwa wako. "Niseme, Mama?"

Nilijua unachotaka. Ulitaka mtu mmoja tu wa nyumbani akutie moyo. Nami nikajibu bila hata kugeuka, "Baba, tafadhali, usituaibishe tena."

Mkutanoni ukasema huenda. Ukasema tungoje kidogo tuone. Dawa haikufika mtaani mpaka wodi zilipojaa, wagonjwa wakilala wawili wawili kitandani. Mmoja wao alikuwa Wambui, mtoto wa jirani, yule aliyekukimbilia kila jioni akitaka peremende. Tulimzika. Pale kaburini mama yake alikushika mkono akauliza, wala hakuwa na hasira, "Baba Nanjala, mbona mwaka huu hukutuambia?"

Nilikuwa kando yako. Hukunitazama, na mpaka unaondoka duniani hukuwahi kumwambia mtu nilichokujibu jikoni.

Najua ungenitetea. Ungesema hesabu haitaji majina, kwamba huenda Wambui angeugua hata nyumba zingepigwa dawa. Ulinifunza vizuri, Baba, lakini hilo halinisaidii. Nililionea aibu godoro, nikakuonea aibu wewe, na sasa najionea aibu mwenyewe, na hii ya mwisho haiishi.

Siku hizi naishi Bungoma. Mvua imenyesha sana mwaka huu, na usiku kuna joto mpaka natupa blanketi. Nikiwa naosha vyombo nakusikia mlangoni ukiuliza swali lako, na sasa nageuka.

Sema, Baba. Waambie wote. Godoro nitalitoa nje mwenyewe.

Pumzika salama,
Binti yako, uliyemwita Mama