Visanduku Vinavyojikunja Vyenyewe

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kiyoyozi cha maabara kinanitia mafua.

Uliniuliza ninafanya kazi gani hasa. Tunachukua nyuzi za DNA, ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, tunazitia kwenye maji ya chumvi, tunazipasha moto, kisha tunazipoza. Zikipoa zinajikunja zenyewe kuwa visanduku ambavyo siku moja vitabeba dawa mwilini. Sisi tunazielekeza tu.

Ile picha niliyokutumia, ukamwonyesha hadi fundi cherehani wako, ilikuwa ya kisanduku kimoja kizuri kati ya mabonge mia ya nyuzi zilizojikunja ovyo. Nilinyamaza kuhusu mabonge. Kwa picha hiyo nikachaguliwa kuja kwenye mkutano wa wanasayansi hapo mjini kwenu. Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikamweleza mkuu wa maabara.

Akavua miwani. "Mbona unaniambia leo?"

"Wengine wataifuata njia yangu, na haitawafikisha popote."

Jina langu limekatwa kwenye orodha ya mkutano. Kwa hiyo sitakuja, mama. Najua chumba umeshakipaka rangi. Nisamehe.

Mkuu hakunifukuza. Aliniambia nirudie, nipoze taratibu, siku tatu badala ya saa mbili. Leo asubuhi nimekuta visanduku themanini katika kila mia. Nikamwita. Hakuniamini, wala sikumlaumu. Alihesabu mwenyewe, mara mbili, kisha akavuta kiti cha pili, akaniambia, "Kaa hapa, tuandike."

Ni mimi mwanao uliyemlea,
Mtundu