Delrina Hageuki Akiitwa

Kambi ya Mashariki,
Barabara ya Tanami.
Jumanne, 9 Mei

Mpendwa mjukuu wangu Selwyn,

Wewe mtoto, huko Adelaide wamekufunga kamba? Tangu matanga ya babu yako hujakanyaga hapa. Hujambo lakini? Unakula nyama, au mikate tu? Mimi nipo, magoti ndiyo yananinung'unikia. Nasema mimi, shangazi yako Rhonda anaandika. Nimemkataza kupunguza ukali.

Mdogo wako Delrina ana jambo. Lile sikio la kushoto linalotoka usaha tulisema ni la kawaida. Nani hapa hakukua na sikio bovu? Ila sasa linanuka kama nyama iliyosahaulika juani, na matone ya zahanati hayalikaushi.

Kosa ni langu. Mwaka mzima wa ujane sikufungua mdomo, nikasema kwa mikono kama wajane wetu wote, naye akanijibu kwa mikono, upesi kuliko watu wazima. Nikajisifu nina mtoto mwerevu. Siku niliyofunguliwa ulimi nikamwita, hakugeuka. Nikamgombeza, "Huna masikio wewe!" Kumbe kweli, hata la kulia ni zito.

Daktari mgeni akamulika ndani. "Bibi, si usaha tu. Kuna ngozi imeota nyuma ya ngoma ya sikio."

"Ngozi ya nani?"

"Yake mwenyewe. Inakula vijifupa vya kusikilia. Tukiiacha itafika kwenye ubongo. Lazima tuitoe, huko mjini."

Simwamini, anatabasamu haraka mno. Dada yangu naye, utotoni, watu wa serikali walimchukua kwa tabasamu, wakasema wiki mbili tu, akarudi na mvi. Nikamwambia, nionyeshe. Akanionyesha kwenye mashine: kitu cheupe, kinang'aa, kimekaa pasipo pake. Nikaona kati ya daktari na kile cheupe, kile cheupe ndicho cha kushukiwa zaidi.

Basi Alhamisi tunapanda ndege, yeye na mimi. Nitalala sakafuni kando ya kitanda chake. Anayetaka nitoke anibebe. Wanasema baada ya mwaka watachungulia tena, maana kitu hicho kina tabia ya kurudi. Kusikia hawaahidi. Maji yasimwingie sikioni, basi.

Msalimie mkeo Janelle, na kichanga chenu. Waliotutangulia wakutazame njiani.

Ukija, usimpungie Delrina mkono. Simama nyuma yake, umwite jina. Kisha njoo uniambie ulichokiona, usiseme la kunifurahisha tu.

Ni mimi, nikupendaye hata ukinikimbia,
Bibi yako Peggy