Jina Lako Kwenye Kaboni

Tabora, Juni 1973

Mpenzi Flavia,

Nakusihi, isome peke yako kisha uichome. Hata mama yako asijue neno.

Serikali ya kwenu inataka wakimbizi warudishwe, na wakubwa wa hapa wamekubali. Orodha ya kuwarudisha nimeipiga taipu upya bila jina lako, lakini karatasi ya kaboni ya orodha ya kwanza niliisahau mezani, na jina lako linasomeka. Bwana mkubwa wa ofisi yetu ameichukua.

Nilimwuliza swali la Wayunani wa kale: haki huishia mpakani?

Akacheka. "We Dionis, Wayunani wako walipakana na nani?"

Nakukumbuka mno. Toka kambini leo. Usije ofisini. Mpe Mwanne, fundi cherehani wa mtaa wa Isevya, mtandio wako wa kijani autundike mlangoni. Nitapita hapo kila asubuhi; nikiuona, nitajua umetoka salama.

Wako,
Dionis