Nyumba Imezama Robo Tatu

Jumatano usiku

Rukia kashinda, na inaniuma. Binti yangu huyo, mwalimu wa hesabu, kaja tena kututaka tuhamie kwake Mwanakwerekwe. Nikamcheka. Sakafu yetu ilikuwa nusu dhiraa juu ya njia, sasa iko robo chini yake. Nusu toa robo, basi imezama robo tu.

"Baba, chini ya njia ni hasi. Ukitoa hasi unajumlisha."

"Nitoe, kisha izidi? Uchawi huo!"

"Imeshuka nusu kufikia njia, kisha ikashuka robo tena. Robo tatu hizo, Baba."



Baada ya kula nikakiburura kitanda mbali na ukuta wenye ufa. "Mzee, una nini leo?" mke wangu akauliza. Nikasema nafuata upepo. Akacheka.

Kesho nitamwambia vipi mke wangu kuwa twaihama nyumba alimozaliwa?